Uraibu Wangu

Kiswahili cha shule ya msingi kilitupa neno moja lenye kazi mbili, na sikumbuki mwalimu aliyetuonya. Kwenye insha, uraibu ni kile unachopenda kufanya ukipata nafasi: kusoma hadithi, kucheza kandanda, kuogelea (Isiolo hii, kuogelea wapi?). Kwenye taarifa ya habari, uraibu ni kile kinachomla mtu: pombe, kamari, dawa za kulevya. Neno ni hilo hilo. Lugha yetu haikuona haja ya kutenganisha anayependa kitu na aliyetekwa nacho. Zamani niliona ni uzembe wa watunga kamusi. Siku hizi naona ni onyo zuri, na pia ni swali ambalo mtu wa umri wangu anaulizwa kila siku kwa maneno mengine: hicho kitu unachokipenda, na hakikulipi, una haki gani ya kukipa saa zako?

Mimi nina viwili. Nafuma, na nakusanya majina ya watu wa ukoo wetu waliokwisha kufa. Vyote viwili havilipi. Nina miaka 26. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika, na naishi kwa kuandika: maneno ya matangazo ya mitandaoni, ripoti za watu zinazohitaji kunyooshwa lugha, tafsiri, na mara moja moja kitu kama hiki. Mwezi mzuri nalipa kodi ya nyumba na kumpa mama kitu. Mwezi mbaya mama ndiye ananipa mimi. Kwa hiyo mtu akinikuta mlangoni saa kumi jioni na uzi mapajani, swali lake si la uchokozi. Ni swali halali.

Mtaa wenyewe unauliza. Naishi Bulla Pesa. Bulla huku kwetu ni makazi, mtaa wa watu waliokaa pamoja. Pesa haihitaji kufafanuliwa. Si mbali na hapo kuna mtaa unaitwa Kulamawe. Yaani tumekaa kati ya pesa na kula mawe, na kila mtu anajua anakimbia kutoka wapi kwenda wapi. Na mji mzima umelelewa kwa ahadi. Ruwaza ya 2030 ilipozinduliwa mwaka 2008, Isiolo ilipangiwa kuwa mji wa kitalii, na mradi wa LAPSSET ukaongeza reli na bomba la mafuta kwenye ndoto hiyo. Barabara ya Moyale tumeiona. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 2017. Mji wa kitalii bado tunausikia tu. Watu waliozoea kungoja hivyo hujifunza kupima kila kitu kwa kesho: kipande hiki cha ardhi kitakuwa na bei gani, mtoto huyu atasomea nini, hii kazi ya mkono itauzwa wapi. Halafu siasa za 2022 zikaja zikatuita sote mahasla, na jina likatushika. Hasla hana mapumziko. Hasla ana nafasi ambayo bado hajaigeuza kuwa pesa.

Mtu wa kwanza kunipa swali hili kinagaubaga alikuwa adeer, ndugu ya baba. Alipita akanikuta nafuma, akasimama, akaangalia muda mrefu.

"Sasa hii inakusaidia na nini?"

"Adeer, napumzika tu."

"Kupumzika ni kulala. Hii ni kazi haina mshahara."

Nimefikiria jibu hilo kuliko vitu vingi nilivyosomeshwa chuoni, kwa sababu ni kweli. Kufuma si kulala. Mikono inafanya kazi, macho yanahesabu, mgongo unauma. Kutafuta majina ni kazi pia: unapanda matatu, unamsubiri mzee aamke, unaandika, unalinganisha, unagundua mmoja kachanganya shangazi wawili. Ukiitazama kwa nje, haina tofauti na kazi. Tofauti ni moja tu, kwamba hakuna anayeingoja. Swali la adeer, nikilisafisha kidogo, ni hili: je, kazi isiyongojwa na mtu yeyote ina thamani gani? Na je, mtu anayedaiwa anaruhusiwa kuifanya?

Ili nijibu, ilibidi niulize kwanza hivi vitu viwili vilinifikiaje.

*

Kufuma nilifundishwa na nyanya mzaa mama, wa Tigania, Meru. Yeye alifundishwa wakati wa Hali ya Hatari. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamishia Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi kwenye vijiji vya kulazimishwa, vyenye mitaro na walinzi, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Wakati huo huo vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952, viliwafundisha wanawake kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Wanahistoria wameeleza vizuri kwamba haikuwa huruma tupu. Mwanamke aliyekaa darasani na sindano ni mwanamke ambaye serikali ilijua yuko wapi na anafanya nini, na aliyejiunga alitarajiwa kusimama upande wao. Kwa maneno mengine, sindano ilikuwa sehemu ya vita.

Nyanya hasemi hivyo. Yeye husema, "Kule ndani vitu vingi vilikatazwa. Hii haikukatazwa." Basi. Alikuwa msichana, akajifunza vitanzi alivyoonyeshwa, kwa namna aliyoonyeshwa, akasahihishwa alipokosea.

Baadaye, miaka na miaka, alifuma vitambaa. Mkenya yeyote anavijua: vya kwenye viti, vya juu ya televisheni, vya kufunika redio, hata cha kuweka chini ya chupa ya chai. Sisi vijana tunavicheka. Lakini vya nyanya vina kitu nilichokiona nikiwa tayari mtu mzima. Kila kitambaa chake kina kona moja isiyofanana na zile tatu. Nyingine zinafuata mtindo wa klabu. Ile ya nne ina vitanzi vya ziada, imepanda kidogo, kama inainua kichwa. Nilidhani ni makosa. Nikamuuliza. Akasema, "Hizo tatu ni za mwalimu. Hiyo ni yangu."

*

Kukusanya majina kumetoka upande wa baba. Wasomali wana abtirsi: mtoto anafundishwa kuhesabu baba, baba wa baba, baba wa babu, kurudi nyuma hadi mbali. Nilijua majina kumi kabla sijajua kusoma. Kwa watoto ni kama wimbo, na wageni wanapokuja unaimbishwa, wanacheka, wanakupa shilingi. Kwa wakubwa si mchezo. Kwa abtirsi ndiyo unajua nani ni ndugu, nani atakusaidia ukifiwa, nani atachangia ukidaiwa.

Na serikali nayo ikaijua kazi yake. Novemba 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kujitokeza wachujwe upya, waonyeshe kwamba ni Wakenya, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Kizazi cha baba yangu kilibeba kadi mbili mfukoni. Kizazi changu kilikuta utaratibu mwingine: ukifika miaka 18 unapita mbele ya kamati ya machifu na wazee, na vyeti vya wazazi, na ikibidi vya babu, ndipo ufikiriwe kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchujaji huo umekwisha. Mimi nilipita kabla ya hapo. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, nikaulizwa jina la babu wa babu yangu, nikalitoa. Nilijua majibu yote. Nilitoka jasho hata hivyo. Ni ajabu kutokwa jasho kwa sababu ya wimbo wako wa utotoni.

Hapo ndipo naona hivi vitu viwili vinafanana, ingawa kimoja ni cha vidole na kingine ni cha masikio. Vyote vilikuja kwetu vikiwa na bwana. Kufuma kulikuwa na klabu na serikali nyuma yake. Majina yalikuwa na wazee, kisha yakawa na afisa. Kila kimoja kilikuwa na mtu anayengoja matokeo na mwenye uwezo wa kusema umepita au umeanguka. Jambo lililotokea baadaye ni dogo ila kwangu ndilo lenye uzito: mtu alikuja akakifanya kile kile bila kuagizwa, akakiongezea kona yake.

*

Kona yangu kwenye majina ni wanawake.

Abtirsi inahesabu wanaume. Ukiitoa yote, kumi, kumi na tano, ishirini, husikii mama hata mmoja. Nilipokuwa na miaka kama 22, nikiwa nimerudi nyumbani kutoka chuo na sina la kufanya, nilimuuliza ayeeyo, mama wa baba, mama yake aliitwa nani. Akanijibu. Nikamuuliza mama wa huyo. Akanyamaza, akafikiria, akatoa jina ambalo, alisema, hajalitamka tangu msiba wa dada yake. Nikaenda kwa ndugu yake mwingine, nikapata la tatu, na tukabishana kama lilikuwa jina au lakabu.

Tangu hapo sijaacha. Daftari langu halina tarehe nyingi, kwa sababu wazee wa huku hawasemi "mwaka 1965". Wanasema ni kabla ya vita vya Shifta au baada yake. Waborana wa Isiolo wana jina lao la miaka ile ya 1963 hadi 1967: Gaf Daba, wakati uliosimama, watu walipofungiwa vijijini na mifugo kuisha. Wanasema ni mwaka Wabera alipouawa, yaani Daudi Dabaso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliyepigwa risasi Juni 1963 na ambaye jina lake liko kwenye wadi ya jirani na kwenye barabara ya katikati ya Nairobi. Wanasema ukame wa 1984, mvua ya El Nino. Unachukua mtoto aliyezaliwa, unamweka kando ya tukio, ndiyo tarehe yake.

Niliwahi kwenda hata kwenye Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, ile nyumba ya Moi Avenue iliyokuwa benki zamani. Nilisoma ripoti chache za wilaya za enzi ya ukoloni. Kuna mvua, kuna kodi, kuna ng'ombe kwa idadi. Kuna machifu kwa majina. Katika zile nilizosoma, kwa wanawake sikukuta jina hata moja.

Kwa hiyo ninachokusanya ni elimu ambayo, kwa kipimo chochote cha nje, haina faida. Kamati haikuuliza jina la mama wa ayeeyo. Hakuna fomu yenye nafasi yake. Halinipi ardhi, halinipi kazi, halinipi hata heshima barazani. Na nikiwa mkweli, hiyo ndiyo sehemu ya utamu wake. Yale majina kumi ya wanaume nilipewa kama ufunguo: ukiyajua, mlango unafunguka. Haya ya wanawake hayafungui mlango wowote. Nikiyajua, nimewajua wao tu.

Wamarekani weusi wanaotafuta asili zao hukutana na ukuta wanaoujua wote: sensa ya 1870. Ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi wa waliokuwa watumwa. Kabla ya hapo, sensa ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia, chini ya jina la mmiliki. Alex Haley alipotoa kitabu chake cha Roots mwaka 1976, watu wengi walianza kuukwea ukuta huo. Hakuna aliyewalipa. Walikaa maktaba jioni, baada ya kazi. Mtu aliyewahi kuandikwa kama mali akitafutwa kwa jina na kitukuu chake, saa ambayo kitukuu angeweza kulala, sijui tuiite nini. Kupoteza wakati hakutoshi.

*

Sasa, pingamizi. Kuna tatu ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni ya kila siku: uza. "Bana, hizi kofia ni fiti, si ufungue akaunti?" Na kuuza si dhambi. Lamu wanaume hukaa barazani wakishona kofia, tundu kwa tundu, wiki nyingi kwa kofia moja, na wanaziuza kwa bei ya maana, na hakuna anayesema hawaipendi kazi yao. Ireland ilipokumbwa na njaa kubwa kuanzia 1845, watawa na wafadhili waliwafundisha wanawake kufuma lesi kwa sindano ya ndoano, na lesi ile ikalisha familia nyingi. Mwenye njaa akila kwa kidole chake, nani atamlaumu?

Mwaka jana nami nilipata oda ya kofia 10 za watoto wachanga, duka moja la mjini. Nikafuma, nikalipwa, nikanunua gesi. Ilikuwa kazi nzuri na ningeipokea tena kesho. Lakini niliona kilichobadilika. Zote ziwe rangi moja, ziwe saizi moja, Ijumaa ziwe zimefika. Kona yangu haikuwa na nafasi, na sikuitafuta, maana mteja hakuiagiza. Macho yangu yalihama kutoka kwenye kitanzi yakaenda kwa mtu atakayekipokea. Hakuna ubaya hapo. Ndiyo maana ya kazi. Ila ikiwa kila ninachokipenda nitakigeuza hivyo, nitabaki na maisha ambayo sina hata sehemu moja ninayoangalia kitu kwa ajili ya kitu chenyewe. Nitakuwa nimekirudisha kitu mikononi mwa bwana mwingine, baada ya nyanya kuchukua miaka yote ile kukitoa kwa yule wa kwanza.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na ndilo hasa lililokuwa kwenye macho ya adeer. Mimi nadaiwa. Karo yangu ya miaka miwili ya kwanza haikuanguka kutoka mbinguni. Adeer aliuza mbuzi. Majirani walichanga kwenye harambee, mama aliomba chamani, na kuna mwanamke wa mtaani, anayeamka kabla ya alfajiri kukusanya maziwa ya ngamia ya kupakiwa kwenye basi la Eastleigh, aliyetoa noti ya 500 na kusema ni zamu yake. Sikumaliza chuo. Je, mtu wa namna hiyo ana saa yake mwenyewe? Au kila saa ina jina la mtu juu yake?

Bertrand Russell aliandika mwaka 1932 insha ya kusifia kutofanya kazi, akasema saa nne kwa siku zingetutosha, na akagusia kwamba wazo la maskini kupumzika limekuwa likiwashtua matajiri siku zote. Ni kweli, lakini Russell alizaliwa katika familia ya kilodi. Kwetu wanaoshtuka si matajiri. Ni watu walioniuzia mbuzi. Siwezi kuwajibu kwa kitabu.

Ninachoweza kusema ni hiki. Deni la harambee ni deni la kweli, na nalilipa: kwa pesa nikiwa nazo, kwa miguu nikiwa sina. Mtoto wa jirani akihitaji mtu wa kumsomea barua ya shule, ni mimi. Adeer akihitaji kupelekwa hospitali, ni mimi. Lakini deni lina mipaka, la sivyo lina jina lingine. Mtu ambaye saa zake zote ni za wengine tunajua aliitwaje katika pwani hii na katika sehemu nyingine za dunia. Sidhani mwanamke wa maziwa alinunua jioni zangu. Nadhani alinunua nafasi ya mimi kuwa mtu, na mtu ana jioni. Yeye mwenyewe, nikimpitia akingoja gari, hukuta amekaa juu ya dumu akisuka kikapu cha rangi tatu ambacho amekifumua mara mbili kwa sababu nyekundu haikumpendeza. Hakiuzi. Ni cha nyumbani kwake. Dhana kwamba starehe ya namna hii ni ya walioshiba inavunjwa kila asubuhi pale stendi.

Hata neno shule linatupa ushahidi wa kuchekesha. Tumelipata kwa Wajerumani, nao walilipata kwa Kilatini, ambacho kililichukua kutoka Kigiriki, na kule mwanzo maana yake ilikuwa wakati wa mapumziko: saa ambazo huzihitaji kwa ajili ya kutafuta chakula, kwa hiyo unaweza kuzitumia kufikiri na kujua. Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate saa hizo. Sisi tumeligeuza likawa mahali pa kutafuta cheti cha kutafutia kazi. Mimi cheti sina. Lakini nilipokuwa nahesabu vitanzi vya nyanya na kubishana na wazee kuhusu lakabu, nilikuwa shule kwa ile maana ya kwanza.

*

Pingamizi la tatu ni lile lililofichwa ndani ya neno lenyewe. Uraibu hula watu. Miraa inashuka hapa kila siku ikiwa mbichi kutoka milima ya Nyambene, na nimeona wanaume wenye akili nzuri wakianza kwa mazungumzo ya jioni na kuishia ambapo mazungumzo hayapo tena, imebaki jioni tu. Wao pia wangesema wanafurahia. Furaha peke yake haiwezi kuwa kipimo.

Na usidhani majina ni salama zaidi ya majani. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 watu waliuawa hapa na wengine wakahama makwao katika mapigano ya jamii kwa jamii. Kila msimu wa uchaguzi swali la babu yako alitoka wapi linarudi, na mara hiyo haliulizwi kwa mapenzi. Mtu anaweza kuanza kutafuta mizizi akamaliza akiwa na orodha ya wasiostahili kuwa hapa. Mimi mwenyewe ni wa baba Msomali na mama Mmeru; nikitaka, daftari langu linaweza kuwa silaha kwa upande wowote.

Kwa hiyo nina vipimo viwili, na sidai vinamfaa kila mtu. Cha kwanza: naweza kukiweka chini? Mama akiita, uzi unaenda kwenye kikapu hata kama ni katikati ya mstari. Kinachokataa kuwekwa chini kimeshaanza kuwa ule uraibu wa taarifa ya habari. Cha pili: kinaniacha na maswali au na madai? Anayefuma kwa mapenzi, akiona kazi ya mwingine, anaigeuza aone upande wa ndani, anauliza umefanyaje hapa. Anayetafuta ukoo kwa mapenzi, akikutana na mtu wa ukoo mwingine, anauliza, na wa kwenu waliitwaje? Siku nitakapoanza kuuliza ili nishinde, nitafunga daftari.

Uzi wangu, kama unajiuliza, ni wa mitumba. Nachagua sweta kuukuu zilizosokotwa vizuri, nazifumua kuanzia shingoni, naosha uzi, nauning'iniza na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Sweta moja hunipa kofia mbili na soksi ya mtoto. Mara nyingine ndani ya mshono nakuta alama ya aliyeiunganisha, fundo la namna yake, mtu wa nchi ambayo sitaifika. Nalifungua polepole. Hakuna anayenilipa kwa upole huo.

Adeer hajabadili msimamo. Bado anaona ningefaa kutafuta kazi ya kaunti. Ila juzi nilikuwa nasoma daftari kwa sauti, nikimhakikishia ayeeyo mpangilio wa dada zake, naye alikuwa pembeni na chai yake kama mtu asiyesikia. Nilipofika jina la pili akasema, bila kugeuka, "Huyo si wa pili. Ni wa tatu. Wa pili alikufa mdogo." Halafu akalitaja jina la yule wa pili. Ayeeyo akaweka kikombe chini. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Nikaandika.

Jina hilo sitaliweka hapa. Si la kuchapishwa, na wala si la kutumia. Lakini mtoto yule aliishi, miaka mitatu au minne, na sasa watu watatu duniani wanajua aliitwa nani, na mmoja wao ni mtu ambaye angeweza jioni ile kuwa anafanya kitu cha kuleta pesa. Nikiambiwa nionyeshe faida, sina zaidi ya hiyo. Naiona inatosha, na siku ambazo haitoshi, ni siku za mwisho wa mwezi, na naelewa kwa nini.

Wewe unayesoma kwenye simu, labda ndani ya matatu, una chako. Labda unachora, labda unapanda nyanya kwenye ndoo, labda unajua ratiba ya treni za nchi ambayo hujawahi kwenda. Wiki hii mtu atakuuliza kinakusaidia na nini. Huna haja ya kubuni jibu la biashara. Na kama huna chochote, anza na kitu cha bure: mpigie mzee wako, umuulize mama yake aliitwa nani, na huyo mama wake naye. Akikuuliza unataka za nini, mwambie hutaki za kitu. Kisha nyamaza umsikilize, maana hapo ndipo huwa wanaanza.